Ruanda, Nambari 1638

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 1935 mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama. Ulizama mapema, na anga la Johannesburg likabaki na kiza ambacho watu wa falaki hukisubiri mwezi mzima. Kwenye kilima cha Union Observatory, Cyril Jackson, kijana wa miaka 31, aliifungua kamera kubwa ya nyota na kuiacha ikitazama upande mmoja wa mbingu. Kamera hiyo ilikuwa imetolewa na John Franklin-Adams, Mwingereza aliyefanya falaki kwa mapenzi yake tu, na lenzi yake ilikuwa na upana wa inchi 10. Ndani haikutiwa filamu ya kukunja. Ilitiwa kioo kilichopakwa dawa ya picha, na mtambo mzima ukazungushwa polepole kufuata mwendo wa nyota ili kila nyota iache nukta moja pale pale ilipo. Kitu chenye mwendo wake chenyewe kilijichongea: kiliacha kimstari kidogo, au kilikutwa pengine kwenye kioo cha pili.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya macho na mgongo. Vioo viwili vya eneo lile lile la mbingu, vilivyopigwa kwa nyakati tofauti, huwekwa ndani ya chombo cha kukuzia, na jicho likaonyeshwa kimoja, kisha kingine, kisha kile cha kwanza tena, haraka haraka. Maelfu ya nyota hutulia. Kilichohama huruka huku na huku. Kwa chombo cha namna hiyo Robert Innes, mkurugenzi wa kwanza wa kituo, aligundua Proxima Centauri mwaka 1915, nyota iliyo jirani yetu kuliko zote ukiacha Jua lenyewe. Jackson hakuwa akitafuta nyota. Alikuwa akitafuta mawe: asteroidi, zile sayari ndogo zinazolizunguka Jua katika ukanda mpana ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Ukiyakusanya mawe yote ya ukanda huo pamoja, hayafiki hata sehemu moja ya ishirini ya uzito wa Mwezi, na bado yanatosha kumpa mtu kazi ya maisha yake yote.

Picha za usiku ule zilimpa zaidi ya jiwe moja. Moja liliandikwa 1935 JF, jingine 1935 JH. Leo la kwanza linaitwa Ruanda na la pili Nyanza, lakini majina hayo yalikuwa bado mbali. Alama zile za mwanzo husomwa hivi: mwaka hugawanywa katika nusu-miezi 24, kila nusu ikapewa herufi yake kuanzia A, na herufi I ikarukwa. Nusu ya kwanza ya Mei huangukia J. Herufi ya pili ni zamu tu, F ni ya sita na H ni ya nane. Hapo hapajaelezwa chochote kuhusu ukubwa wa jiwe, umbali wake wala linakoelekea. Ni kama stakabadhi ya kuonekana.

Na kuonekana ni jambo dogo katika kazi hii. Wanafalaki walilijua hilo tangu asteroidi ya kwanza kabisa. Tarehe 1 Januari 1801 padri Giuseppe Piazzi, akiwa Palermo kisiwani Sicily, aliona kinukta kisichokuwa kwenye ramani yake ya nyota. Alikifuata kwa majuma kadhaa, akaugua, na aliponyanyuka kinukta kilikuwa kimeshaingia upande wa Jua ambako hakuna darubini inayofika. Kikapotea. Aliyekirudisha ni kijana wa Kijerumani wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, ambaye hakutumia darubini. Alitumia kalamu. Alichukua vipimo vichache vya Piazzi, akatunga hesabu ya kutoa njia nzima ya duara-yai kutokana na kipande kifupi cha njia hiyo, akasema mahali pa kutazama. Siku ya mwisho ya mwaka huo huo Franz Xaver von Zach akatazama, akakiona. Ndiyo Ceres.

Tangu hapo utaratibu haujabadilika sana. Picha ya usiku mmoja hukuambia jiwe liko upande gani wa mbingu. Haikuambii liko mbali kiasi gani. Jiwe la karibu linalokwenda taratibu na jiwe la mbali linalokwenda kasi huweza kuacha kimstari cha urefu ule ule. Ndiyo maana huhitajika usiku wa pili, wa tatu, na baada ya hapo majuma. Asteroidi huonekana vizuri pale Dunia inapopita katikati yake na Jua, kwa sababu hapo ndipo ilipo karibu na sisi, na tena imemulikwa uso mzima. Baada ya miezi michache hufifia, ikamezwa na mwanga wa magharibi, na kurudi mahali pazuri pa kuonekana ni baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu hivi. Kama hesabu ya mara ya kwanza ilikuwa na kosa dogo, mara ya pili kosa limeshakua. Mtu anapiga picha pale alipoambiwa, anakuta nyota tupu. Jiwe halikwenda popote. Ni sisi tusiojua lilipo.

Hapo ndipo Ruanda na Nyanza, mawe ya usiku mmoja na kamera moja, yalipoachana. Nambari ya kudumu hutolewa kwa asteroidi ambayo njia yake imehesabiwa ikathibitika, na nambari hizo hufuatana kwa zamu. Nyanza ilipata 1356. Ruanda ilipata 1638. Kati yao kuna asteroidi 281.

Orodha yenyewe hutoa fununu ya muda uliopita. Nambari 1580 ni ya Betulia, jiwe lililogunduliwa Mei 1950, hapo hapo Johannesburg, na Ernest Johnson. Kwa kuwa nambari hufuata zamu, nambari iliyo juu ya 1580 haikutolewa kabla ya jiwe hilo kuonekana. Kwa hiyo Ruanda ilikaa miaka isiyopungua kumi na mitano ikiwa na stakabadhi tu. Tanga ilisubiri zaidi. Picha yake ilipigwa tarehe 19 Juni 1930, Jackson akiwa pamoja na mkurugenzi wake Harry Edwin Wood, ikaandikwa 1930 ME, lakini nambari yake ni 1595, nayo iko mbele ya Betulia vilevile: karibu miaka ishirini au zaidi. Kenya na Uganda, zilizoonekana miaka mitatu baada ya Tanga, zikaitangulia kwa mbali, zikachukua 1278 na 1279. Anayedhani orodha ya asteroidi ni orodha ya nani alionekana kwanza amekosea. Ni orodha ya nani alijulikana kwanza.

Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na vita. Kabla yake kitabu cha nambari kilishikwa Ujerumani, na taasisi ya hesabu za falaki iliyokuwa Berlin. Mwaka 1947 kazi ilihamishiwa Cincinnati, Marekani, mikononi mwa Paul Herget, mtu aliyeamini mashine za kadi zilizotobolewa wakati wenzake wengi bado walikuwa wakihesabu kwa mkono. Kuanzia 1978 kitabu kiko Cambridge, Massachusetts. Jackson naye alikwenda vitani katika jeshi la Afrika Kusini. Alikuwa mzaliwa wa Yorkshire, Uingereza, aliyeletwa Afrika Kusini akiwa mtoto, na alijiunga na kituo mwaka 1928. Hadi mwisho wa kazi yake alikuwa na asteroidi 72 kwa jina lake na nyota zenye mkia tatu alizoshiriki kuzigundua. Alifariki mwaka 1988. Kuna asteroidi inayomkumbuka, 2193 Jackson, na historia yake ingemchekesha: Wood ndiye aliyeipiga picha, mwaka 1926, miaka miwili kabla Jackson hajaajiriwa. Nayo ilisubiri nambari kwa muda mrefu kuliko Ruanda.

Angalia tarehe za uvunaji wa Jackson na utaona majira. Tanga 19 Juni. Kenya na Uganda usiku mmoja, 15 Juni 1933. Nyanza na Ruanda 3 Mei. Tana, jina la mto wa Kenya, ni Julai 1935. Ruvuma ni 16 Mei 1937, Pemba 2 Julai, Mombasa na Somalia zote mbili 5 Julai, Ethiopia 1 Agosti. Hakuna Desemba. Johannesburg mvua hunyesha wakati wa joto, Oktoba hadi Machi, na miezi ya baridi huwa mikavu, usiku mrefu, anga safi. Kuna sababu nyingine ya kijiometri. Mwezi Juni Jua liko kaskazini ya ikweta, kwa hiyo upande wa mbingu ulio mkabala nalo, ambako asteroidi hung'aa zaidi, uko kusini, na kwa mtu aliye nyuzi 26 kusini upande huo hupita karibu na utosi. Wanafalaki wa Ulaya, mwezi huo huo, waliona eneo lile lile likitambaa juu ya paa za nyumba, usiku wenyewe ukiwa mfupi. Kusini kulikuwa na shamba ambalo halijalimwa.

Na majina? Aliyegundua ndiye mwenye haki ya kupendekeza, na Jackson alipenda ramani ya Afrika. Mwaka 1931 aligundua jiwe ambalo sasa ni 1193 Africa. Akaendelea kwa nchi, mikoa, mito na miji. Kuanzia 1427 hadi 1432 majina yake yanafuatana bila kukatika: Ruvuma, Mombasa, Pemba, Somalia, Luanda, Ethiopia. Ukiyasoma kwa sauti ni kama mtu aliyeketi na atlasi magotini, akipanda na kushuka pwani. Mojawapo lina uzito ambao huenda haukukusudiwa. Mwaka 1937 Italia ilikuwa imeikalia Ethiopia na kuichanganya katika kile ilichokiita Afrika Mashariki ya Kiitaliano. Katika ramani za Roma nchi hiyo haikuwapo. Katika orodha ya asteroidi ipo.

Majina mengine yameganda na tahajia ya wakati wake. Ruanda imeandikwa kwa u, kama walivyoandika Wajerumani na baada yao Wabelgiji, walioitawala pamoja na Burundi kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa. Nchi yenyewe imekuwa Rwanda. Jiwe halikubadilishwa, na si kawaida kubadilisha. Jina likishachapishwa limekaa. Nyanza nayo ilikuwa mkoa wa Kenya uliopakana na ziwa, ikaacha kuwa mkoa wa utawala Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti. Juu kule bado ni Nyanza.

Ninaandika haya nikiifikiria Mwese, na kuna sababu. Mwese iko kwenye nyanda za juu kati ya mji wa Mpanda na Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Watongwe na Wabende, leo Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, mkoa ulioanzishwa 2012. Ni miinuko ya baridi, misitu na mabonde, na kwa muda mrefu ilikuwa na watu wachache. Katika miaka ya 1960 ilipokea wageni. Walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959, wakaishi Kivu upande wa Kongo, na Kongo nayo ilipowaka wakalazimika kuondoka tena. Tanzania ikawapa ardhi Mwese. Shirika la TCRS, lililoundwa mwaka 1964 chini ya Walutheri, lilikuwa miongoni mwa waliosimamia makazi hayo, na Mwese ni kati ya kazi zake za mwanzo kabisa. Baadaye eneo hilo hilo la Mpanda likapokea Warundi kwa maelfu, Katumba miaka ya mwanzo ya 1970 na Mishamo mwaka 1978. Mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia maelfu ya Wanyarwanda waliokuwa nchini.

Sitaki kuwafananisha watu na mawe. Lakini mzee aliyezaliwa Rwanda miaka ya 1930, akahesabiwa Kivu, akahesabiwa tena Mwese, akapata karatasi ya uraia 1980, angeelewa upesi kuliko wengi kwa nini 1935 JF ilikaa muda wote ule bila nambari. Kuna mtu aliyekuona. Hiyo haitoshi. Lazima akuone tena, na safari hii ajue ni wewe.

Kwa upande wa mbingu, Mwese ina nafasi ambayo Johannesburg haina. Iko nyuzi sita hivi kusini ya ikweta. Njia ambayo Jua hupita angani, na ambayo Mwezi, sayari na asteroidi nyingi hupita karibu nayo, haitoki zaidi ya nyuzi 23 na nusu kaskazini au kusini, kwa hiyo kwa mtu wa Mwese iko juu, karibu na utosi, mwaka mzima. Kiangazi kule ni Mei hadi Oktoba, majira yale yale ya Jackson. Na usiku ni usiku kweli. Pamoja na hayo, mtu asitoke nje akitarajia kuiona Ruanda kwa macho. Mawe haya yote ya Jackson ni hafifu mno. Hata darubini ya mkononi haiyafikii. Yanapita juu ya mapaa ya Katavi bila kuonekana, nayo yamekuwa yakipita hivyo kabla hapajawa na paa.

Njia zao hazifanani, na hapa ndipo orodha inapoacha kuwa ya majina. Umbali kutoka Dunia hadi Jua ni kilomita milioni 150 hivi. Wanafalaki huutumia kama kipimo kimoja. Ukanda mkuu wa asteroidi umetanda takribani kati ya vipimo viwili na vitatu na ushei. Kenya na Uganda zinakaa upande wa ndani na kumaliza mzunguko mmoja kwa chini ya miaka minne. Tanga huchukua zaidi ya minne. Mombasa hukaribia mitano. Nyanza iko nje zaidi, vipimo vitatu na kitu, nayo huhitaji miaka mitano na nusu hivi. Hiyo ni kanuni ya Johannes Kepler: aliye mbali ana njia ndefu na tena huenda polepole, kwa hiyo mwaka wake hurefuka kwa sababu mbili.

Pemba ni mtukutu. Njia yake imevutika sana. Inapokuwa karibu na Jua hufika vipimo 1.7, jirani na njia ya Mirihi, na inapokuwa mbali hutoka hadi 3.4, kwenye ukingo wa nje wa ukanda, kisha hurudi, miaka minne na kitu kwa kila safari. Kenya ina tabia nyingine. Asteroidi nyingi za ukubwa wake hujizungusha kwenye mhimili kwa saa chache, sita, nane, kumi. Kenya huchukua saa 188 hivi, karibu siku nane, na vipimo vya mwanga wake vinaashiria kwamba haizunguki kwa utulivu, inayumba. Hilo hugunduliwa bila kuliona umbo lake. Unapima mwanga usiku baada ya usiku, unaona unapanda na kushuka, kwa sababu jiwe lisilo mviringo hutuelekezea mara ubavu mpana, mara ubavu mwembamba.

Mpaka hapa yote ni nuru iliyopimwa. Mawe yenyewe yako mbali. Ila baadhi hutufuata. Katika ukanda ule asteroidi hugongana, vipande vikatoka, na baada ya muda mrefu baadhi huangukia Dunia. Tanzania imepata bahati hiyo, na mara mbili ilikuwa upande wa kusini-magharibi, si mbali na Katavi. Ya kwanza kila mwanafunzi ameisikia: Kimondo cha Mbozi, donge la chuma la tani zaidi ya kumi katika mlima wa Marengi, lililoingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1930. Chuma cha namna ile hakitoki juu ya jiwe. Hutoka moyoni mwa asteroidi iliyowahi kuyeyuka, chuma kikazama katikati, kisha ikavunjwavunjwa.

Ya pili watu wengi hawaijui, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi, ingawa uzito wake wote ni gramu 705. Ilianguka tarehe 16 Desemba 1938 karibu na Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, ziwa lile lile ambalo ncha yake ya kaskazini imo Katavi. Ni jiwe jeusi, laini, linalomomonyoka, lenye maji yaliyofungwa ndani ya madini yake pamoja na kaboni. Mawe ya aina hiyo yaliyoshuhudiwa yakianguka yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na kati ya vimondo vyote, hayo ndiyo ambayo mchanganyiko wake wa elementi unafanana zaidi na Jua, ukiondoa gesi. Kwa maneno mengine hayakuchujwa: yamebaki karibu kama mfumo wa Jua ulivyokuwa ulipokuwa ukifanyika, miaka bilioni 4.5 na kitu iliyopita. Wanakemia wanapotaka kusema kipande fulani cha mwamba kina kingi au kichache cha elementi fulani, hukilinganisha na kundi hili, nalo huitwa CI. C ni ya kaboni. I ni ya Ivuna. Kila maabara ya vimondo duniani huandika herufi ya kwanza ya kijiji cha Tanzania, na wengi wa wanaoiandika hawajui iko upande gani wa Rukwa.

Jambo hilo lilipata uthibitisho kutoka mbali. Mei 1999 mtambo wa LINEAR huko New Mexico uliona asteroidi ndogo iliyoandikwa 1999 JU3, J ile ile ya nusu ya kwanza ya Mei. Njia yake ilihesabiwa, ikapata nambari 162173, na mwaka 2015 ikaitwa Ryugu, jina la kasri la chini ya bahari katika hadithi ya Kijapani ambamo mvuvi hurudi nyumbani akiwa na kisanduku asichopaswa kukifungua. Haikai tena katika ukanda mkuu, lakini wataalamu wanaamini ilizaliwa huko. Wajapani waliipelekea chombo chao Hayabusa2, kikafika 2018, kikachota, na Desemba 2020 kikadondosha kisanduku chake kwenye jangwa la Australia. Mlikuwa na gramu 5.4. Walipokifungua na kupima, matokeo yaliyotangazwa 2022 yalisema vumbi lile ni la aina ya Ivuna. Kilichofuatwa kwa safari ya miaka sita kilikuwa na ndugu aliyekwisha kushuka Rukwa miaka 82 kabla.

Siku hizi uwindaji hauhitaji mgongo kama wa Jackson. Mwezi Juni 2025 darubini mpya ya Vera Rubin nchini Chile ilionyesha picha zake za kwanza, na katika takribani saa kumi tu za kutazama ilikuwa imekamata asteroidi mpya 2,104. Zenye nambari za kudumu sasa zimepita laki nane. Zilizopewa majina hazifiki elfu thelathini. Majina hupitishwa na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Falaki, ambayo ina masharti yake: jina lisizidi herufi 16, liwezekane kutamkwa, lisiwe tangazo la biashara, na mwanasiasa au mwanajeshi asubiri miaka mia moja baada ya kufa. Mgunduzi ana miaka kumi tangu nambari kutolewa ya kupendekeza.

Mlango umefunguliwa hata kwa wasio na darubini. Mpango mmoja unaoendeshwa kutoka Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons, Texas, hutuma bila malipo picha za darubini kubwa za Hawaii kwa vikundi vya wanafunzi popote duniani. Kinachotakiwa ni kompyuta, intaneti, mwalimu wa kusimamia na uvumilivu wa kupepesa picha hadi kinukta kiruke. Nambari huja baada ya miaka sita hadi kumi, njia ikishathibitika. Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Mwese akikiona kinukta chake muhula huu, nambari itamkuta ana kazi na huenda ana mtoto, na haki ya kupendekeza jina itakuwa bado ni ya kikundi chake. Kati ya zile herufi 16, Mwese itatumia tano.